Mnunuzi Kati ya Watengenezaji Wawili

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa waliyashindania kwa karne nyingi, na ambayo hata hivyo huulizwa kila siku katika soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pasipo mtu kuyapa jina la falsafa, limo hili: mtu anapowekwa mbele ya vitu viwili vinavyolingana kwa umbo, kwa kazi na kwa thamani, na akawa hana dalili iliyo wazi ya kukipandisha kimoja daraja juu ya mwenziwe, hukichagua kimoja kwa haki gani, na akiisha kukichagua, je, amefanya tendo la akili au amebahatisha tu?

Kijana wa Sikuda, upande wa Uganda, aliyelima mihogo na mtama miaka kadhaa, akauza na ng'ombe aliyeachiwa na babake, kisha akateremka mjini na fedha zake ili anunue pikipiki mpya ya kubebea abiria, hulikuta swali hilo likimngojea mlangoni mwa duka. Upande mmoja zimepangwa Boxer za Bajaj, kampuni ambayo makao yake ni Pune. Upande wa pili zimepangwa Star za TVS, kampuni ambayo kiwanda chake kikuu kiko Hosur, kusini mwa nchi hiyo hiyo ya Bara Hindi. Zote zina silinda moja na injini ya mipigo minne. Zote hupatikana za cc 100 na za cc 150. Bei zao hukaribiana. Na wauzaji wa kila upande wamejaliwa ufasaha. Yuko atakayesema kwamba jambo hili halina uhusiano na dini wala hekima, kwamba ni la fundi na mfuko basi. Mimi siafiki. Chombo ambacho kesho kitambeba mama mwenye uchungu usiku kwenda hospitali ya Masafu, kitawabeba watoto kwenda shule katika njia ya udongo mwekundu uliolowa, na kitamlisha mwenye nacho na jamaa zake kwa miaka, ni amana kabla hakijawa mali, na mwenye kukichagua ataulizwa juu ya uchaguzi wake.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki dunia Tus mwaka 1111, alilileta swali hili katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, akiwa na shabaha kubwa kuliko soko. Wanafalsafa walikuwa wakiuliza: ikiwa nyakati zote zilikuwa sawa kabla ulimwengu haujaumbwa, ni kitu gani kilichoupambanua wakati mmoja na mwingine hata ulimwengu ukaanza katika huo na usianze katika ule? Akajibu kwamba irada ni sifa ambayo kazi yake ndiyo hiyo hasa, kupambanua kitu na mfano wake. Na ili kuikaribisha maana kwa msomaji akapiga mfano wa mtu mwenye hamu ya tende, aliyewekewa tende mbili zilizo sawa kwa kila hali, asiyeweza kuzitwaa zote mbili. Je, atakaa akizitazama milele? Hasha, atanyoosha mkono atwae moja, na kilichomfanya aitwae hii akaiacha ile hakikutoka katika tende, kimetoka kwake mwenyewe. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki mwaka 1198, akamjibu kitabu kwa kitabu, akasema kwamba mtu huyo hakuipendelea tende hii kuliko ile, bali alipendelea kula kuliko kutokula, na tende yoyote iliyoangukiwa na mkono wake ilitimiza makusudi yake. Wazungu nao waliushika mjadala huu kwa mfano wa punda aliyesimama kati ya mafungu mawili ya majani, wakamnasibisha na Jean Buridan, mwalimu wa Paris wa karne ya 14, ingawa punda huyo hamo katika maandishi yake yaliyotufikia.

Nikiwapima mabwana hawa wawili kwa mizani ya tende peke yake, naona Ibn Rushd amepata. Lakini mizani ya tende haitoshi kupimia chombo cha safari. Tende ikiisha kuliwa uchaguzi umekwisha, na ile iliyoachwa haina la kukudai wala wewe huna la kuijutia. Bali pikipiki huanza maisha yake siku ile ile inayonunuliwa, na kumchagua mtengenezaji wake ni kujifunga naye kwa cheni na sprokete, kwa klachi na kebo, kwa pistoni na ringi zake, kwa kila kitakacholika na kila kitakachokatika, mpaka siku chombo kitakapouzwa au kitakapotupwa. Kulingana kwa vyombo viwili ni kulingana kwa siku moja, siku ya dukani. Vikiisha kupita misimu miwili ya mvua, vikabeba magunia ya mihogo kutoka mashambani na mifuko ya saruji kutoka Tororo, vikaingiwa na vumbi la changarawe katika bering na maji ya mto katika kabureta, vitakuwa vitu viwili vilivyo mbali, ila mnunuzi hakupewa kuviona katika hali hiyo. Na katika pikipiki za umeme ambazo zimeanza kuenea Kenya na Uganda kifungo hiki kimekazwa zaidi, kwa kuwa mahali ambapo betri hubadilishwa kituoni betri hubaki mali ya kampuni, na mwenye pikipiki hawezi kwenda safari yake pasipo mtengenezaji kuendelea kuwapo.

Kwa hiyo elimu anayoihitaji mnunuzi haimo katika chuma kilichosimama mbele yake, hata akikigonga na kukizunguka mara saba. Imo katika wakati ujao, na wakati ujao ni ghaibu. Njia pekee aliyo nayo kiumbe ya kulisogelea jambo la namna hiyo ni habari za waliotangulia. Na hapa ndipo ninapoona kwamba kumchagua mtengenezaji, kwa hakika yake, ni kumchagua mtu wa kumsadiki.

Sasa umma wetu haukuachwa bila mwongozo katika mlango wa kusadiki. Maulamaa wa hadithi walipotaka kuipima habari walimwangalia kwanza aliyeileta: ni nani, aliipokea kwa nani, je, walikutana kweli, hifadhi yake ikoje, na je, ana maslahi yoyote katika kuieneza. Wakaigawa habari mafungu. Ipo iliyopokewa na kundi baada ya kundi, wengi kiasi ambacho ada haikubali kwamba wamepatana juu ya uwongo, nayo ndiyo mutawatiri, huleta yakini. Na ipo iliyopokewa na mmoja mmoja, nayo huleta dhana, ambayo ikipata nguvu mtu huruhusiwa kuitendea kazi hata kama hajafika kwenye yakini. Kijana aliyekwenda kwenye steji kuulizia pikipiki angefaa kulichukua darasa hili kama lilivyo. Yule anayemsifia Boxer, je, aliinunua mpya au alipewa na mwenye mali aendeshe kwa hesabu ya siku? Yule anayemkataza TVS, je, iliyomharibikia ilikuwa na spea za asili au alikuwa ameitia klachi bandia ya bei nafuu? Na huyu wa tatu mwenye maneno mengi kuliko wote, je, si dalali anayelipwa kwa kila mteja anayemleta dukani? Shahidi mmoja aliyechukizwa, hata akiapa, ushahidi wake ni wa pikipiki moja. Lakini waendeshaji wa Busia, wa Malaba na wa Tororo, wasiojuana, wa lugha ya Kisamia na ya Kiteso na ya Kigwe, wakikubaliana wote kwamba sehemu fulani ya chombo fulani hufa mapema, huo ni ushahidi ulioikaribia daraja ya mutawatiri, na muuzaji akiukanusha kwa karatasi ya rangi iliyopigwa chapa vizuri, karatasi yake ni habari ya mmoja mwenye maslahi.

Watu wa mpaka huu wana haki maalumu ya kusikilizwa katika jambo hili, maana kazi yenyewe ya kubeba abiria kwa chombo cha magurudumu mawili ilizaliwa kwao. Ilikuwa katika miaka ya 1960, pale Busia, ambapo kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na kile cha upande wa pili palikuwa na masafa marefu kwa mtu mwenye mizigo, basi vijana wakatia takia juu ya keria za baiskeli zao, wakawa wanawavusha wasafiri kwa ujira, na kutokana na wito wao wa kuwaita abiria, wa kutoka boda hadi boda, kazi ikapata jina ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki yote. Baiskeli zao zilikuwa zile nyeusi nzito za fremu ya chuma: Raleigh za Nottingham kwanza, na baadaye Hero za Ludhiana na Phoenix za Shanghai. Walizijaribu kwa namna ambayo hakuna mkaguzi wa kiwanda aliyepata kuzijaribu, kwa kuwa baiskeli iliyotengenezwa ili ibebe mtu mmoja kwenda kazini katika barabara ya lami ilipandishwa watu wawili na gunia, ikapelekwa katika mashimo tangu alfajiri hata magharibi. Spoku zilikatika, uma wa mbele ulipinda, keria ilivunjika. Na mafundi wa huku wakaziongezea vyuma, wakaunga nondo kwenye uma na kwenye keria, wakazifanya chombo kingine kabisa ambacho mwenye kiwanda hakukijua wala hakukikusudia.

Jambo hili lataka kutazamwa kwa makini, kwa sababu linalivunja swali letu katikati. Tulidhani watengenezaji ni wawili, na kazi yetu ni kumpata aliye bora. Kumbe kila chombo kina watengenezaji wengi, na yule ambaye jina lake limeandikwa tangini ni wa kwanza wao tu. Pikipiki nyingi zinazouzwa Uganda na Kenya hufika zikiwa vipande katika makasha, zikafungwa na mafundi wa hapa; aliyekaza nati ya gurudumu la mbele hakuwa mtu wa Pune wala wa Hosur, alikuwa kijana wetu, na kama alikuwa amechoka siku ile basi uchovu wake umo ndani ya chombo pamoja na elimu ya mhandisi. Baada yake yuko fundi wa kijijini, na muuza spea, ambaye bidhaa yake huvuka mpaka kwa urahisi kuliko pikipiki yenyewe yenye namba zake na ushuru wake, hasa tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa mwezi wa Februari 2018. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni mtengenezaji gani ninayemwona bora kwa mkaazi wa Sikuda, nitamjibu kwamba ni yule ambaye fundi wa karibu anamjua kwa mkono wake, na ambaye spea yake ya asili inapatikana mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja akiisukuma pikipiki. Jibu hili huwa Boxer katika kijiji kimoja na TVS katika kijiji cha pili, wala hakuna ila katika kutofautiana huko.

Yako madhara ya kulitegemea jina, na biashara ya pwani yetu iliyajua kabla ya pikipiki. Misafara ya Waswahili iliyopita Mumias kwa mtawala wa Wanga, Nabongo Mumia, si mbali na mpaka wa leo, ikielekea Busoga na Buganda, ilichukua nguo ya merikani, kitambaa kizito kisichotiwa rangi, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Wanunuzi wa bara walikipenda kwa uimara wake, wakakipima kwa vidole na kwa kufua. Sifa yake ilipokwisha kuthibiti, wafumaji wa kwingine wakakiiga. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba, viwanda vya Uingereza na vya Bombay viliijaza nafasi, na nguo isiyotoka Marekani ikaendelea kuuzwa kwa jina la Marekani vizazi na vizazi. Kadhalika Raleigh: kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, na baiskeli zenye jina hilo zikaendelea kutengenezwa mbali na mji ule uliolipa heshima. Mtu aliyenunua kwa kutegemea habari za babu yake alinunua sifa ya mikono ambayo haikuwapo tena kazini.

Hapa al-Ghazali atufaa tena, kwa masala nyingine ya kitabu kile kile, pale aliposema kwamba tunachokiona baina ya moto na kuungua kwa pamba ni kufuatana kulikozoeleka, wala si lazima inayotoka katika nafsi ya moto. Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa kuungua, na ada ndiyo iliyotuzoeza kukutarajia. Wapo waliomlaumu kwa kauli hii wakidhani ameibomoa elimu. Mimi naona ametufundisha adabu ya kutarajia. Ikiwa ubora wa jana wa moto wenyewe haukufungi leo ila kwa ada aliyoiendesha Mola wake, itakuwaje ubora wa jana wa kiwanda, chenye wakurugenzi wanaobadilika na mahesabu ya kupunguza gharama? Mtengenezaji mwema ni mtengenezaji aliyedumisha ada, na kumwamini ni halali. Walakini imani hiyo huhitaji kushuhudiwa upya kila anapotoa chombo kipya, na mwenye busara huuliza juu ya pikipiki ya mwaka huu, hatosheki na hadithi ya ile ya miaka kumi iliyopita.

Tukifika katika akdi yenyewe, sharia imemwekea mnunuzi kinga ambazo watu wengi wa kwetu hawazijui, wakadhani neno likisha kutamkwa na fedha zikisha kuhesabiwa hapana marejeo. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani na kwa Waislamu wa Uganda, katika rai yake ya mwisho hakuiruhusu biashara ya kitu ambacho mnunuzi hakukiona. Abu Hanifa aliiruhusu, lakini akampa mnunuzi hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Rai zote mbili zinakutana katika kumkinga mnunuzi dhidi ya muuzaji anayechukua fedha za pikipiki iliyo kashani na kumwambia mteja aje kesho. Kisha iko hiari ya kikao, kwamba wauzianao wana ruhusa ya kurejea maadamu hawajaachana. Na iko hiari ya aibu, kwamba mnunuzi akiona kasoro iliyokuwamo katika bidhaa kabla hajaipokea, anayo haki ya kuirudisha na kupewa fedha zake. Hii ya aibu ina sharti moja ambalo kijana wa steji ni wajibu alijue: katika madhehebu ya Shafi kurudisha huko hutakiwa mara tu baada ya kugundua, na mwenye kuendelea kukitumia kitu hali amekwisha kuijua kasoro yake ameonyesha kwamba ameridhika, na haki yake imeanguka. Ni mara ngapi mtu ameona oili ikichuruzika chini ya injini katika juma la kwanza, akasema nitairudisha nikimaliza kazi za sikukuu, na sikukuu ilipokwisha akaambiwa kwamba ameshaitumia mno?

Majirani zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi ya Samia na Bugwe na Teso, wanalo fundisho lililo karibu sana na hili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza ndani ya Summa Theologiae kama muuzaji ana wajibu wa kuitaja kasoro ya kitu anachokiuza, akafikia kwamba kasoro iliyofichika na inayoweza kumletea mnunuzi hatari au hasara ni lazima itajwe. Akatoa mfano wa farasi kilema anayeuzwa kana kwamba ni mwenye mbio. Ama ile iliyo wazi kwa macho, mathalani farasi mwenye jicho moja, muuzaji anaweza kuinyamazia ikiwa bei ameishusha kwa haki. Na sisi tumepokea habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya punje kavu, akamlaumu mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyorowa isionekane na watu, na akamtenga mwenye kughushi na jamaa yake. Habari hii na fundisho la mtawa huyo wa Italia vinakubaliana kwamba kimya cha muuzaji mbele ya hatari anayoijua ni kauli, na kauli ya uwongo. Breki inayojulikana dukani kuwa ni dhaifu, na ikauzwa kwa tabasamu, ni farasi kilema.

Juu ya mkopo nitasema neno moja tu, kwa kuwa mlango wa riba unataka makala yake. Aghalabu mnunuzi wa leo hana thamani yote mkononi. Huchukua pikipiki kwa kulipa siku kwa siku, na mara nyingine mwenye kukopesha ndiye aliyekwisha kumchagulia mtengenezaji, maana anazo za aina moja tu. Hiari iliyonunuliwa na mwingine si hiari, na kijana aliye katika hali hiyo asilaumiwe kwa uchaguzi asioufanya. Bali mkopeshaji ndiye aliyeurithi wajibu wote niliouandika hapa, wa kuuliza, wa kupima mashahidi, na wa kufichua kasoro.

Ikabaki sala ya istikhara, ambayo Jabir bin Abdillah alisimulia kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha masahaba zake kama alivyowafundisha sura ya Kurani, rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua ya mja anayekiri kwamba hajui na kwamba Mola wake ndiye mjuzi wa yaliyofichikana. Kuna watu wanaoitumia sala hii kuwa badala ya kuuliza: wanaswali, wanalala, wanangoja ndoto yenye rangi nyekundu au ya buluu ili wajue pikipiki ya kununua. Sijaona katika mafundisho ya sala hii lolote linaloahidi ndoto. Naiona istikhara kuwa imewekwa mahali ambapo ushauri umekwisha fanya kazi yake: umewauliza waendeshaji, umemsikiliza fundi, umezitafuta spea pande zote mbili za mpaka, umekihakiki chombo kilichofunguliwa mbele ya macho yako, na bado vyombo viwili vimelingana. Hapo ndipo Ghazali anapopata juu ya Ibn Rushd, kwa kuwa sasa hakuna dalili iliyosalia ambayo mtu ameizembea, na irada yaruhusiwa kufanya kazi iliyoumbiwa: kuchukua kimoja na kukiacha cha pili pasipo kudai sababu ambayo haipo. Mwenye kuchagua hivyo hakubahatisha, kwa maana kubahatisha ni kuacha kutafuta kilichoweza kupatikana. Wala hana sababu ya kuchomwa na majuto siku pikipiki ya mwenziwe itakapodumu kuliko yake, kwani alichokabidhiwa yeye kilikuwa juhudi, na mwisho wa mambo haukuwa mkononi mwake.

Walakini juhudi ya mnunuzi haikamiliki peke yake, na nusu ya jambo hili imo mikononi mwa wenye maduka. Wanachuoni wa Kishafi wamekubali hiari ya sharti, ambayo kwayo wauzianao hupatana tangu mwanzo kwamba mnunuzi ana muda wa kukirejesha kitu, na ukomo wa muda huo kwao ni siku tatu. Siku tatu zatosha kuipeleka pikipiki kutoka Busia hadi Majanji na kurudi, kuipandisha na kuiteremsha njia za Sikuda ikiwa na mzigo, kuizima na kuiwasha ikiwa moto, kuisikiliza cheni yake na kuijaribu breki yake katika mteremko. Nawaomba mawakala wa Bajaj, wa TVS na wa watengenezaji wengine wote, wa Busia ya Uganda na wa Busia ya Kenya, walifungue kasha mbele ya mnunuzi, wamtajie kila kasoro wanayoijua, na waandike katika risiti yake siku hizo tatu.